Vizibo Chini ya Kitambaa

Mbele ya kibanda cha soda pale Taru, ardhi imejaa vizibo vya chupa. Malori yamevikanyaga miaka nenda miaka rudi mpaka vimezama na kulingana na udongo, vingine vikionyesha rangi, vingine vikionyesha tumbo lililoshika kutu. Nilikaa hapo kwenye benchi nikingoja gari la kurudi pwani, viatu vyangu vina udongo wa makaburini, na soda niliyoiagiza sikuinywa. Tulikuwa tumemzika baba yangu asubuhi ile. Nasema tulikuwa, lakini ukweli ni kwamba walimzika watoto wake wa Taru, na mimi nilisimama nyuma pamoja na watu wa kamati ya mazishi. Niliviangalia vile vizibo nikachoka. Machozi hayakuja. Nilichoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo mmoja kwa mkono uleule zaidi ya miaka ishirini.

Ninyi wa rika langu mliokulia Diani, wazazi wenu wakifanya kazi hotelini, mnaikumbuka ile miaka wageni walipokatika. Kwanza zilikuja vurugu, halafu mvua iliyokata barabara, halafu kimya. Maji ya mabwawa ya kuogelea yaligeuka kijani. Tumbili waliingia vyumbani wakachezea mito ya vitanda. Wakubwa wetu hawakuwa na sentensi nyingine ila ile ya wageni wakirudi: wageni wakirudi utanunuliwa viatu, wageni wakirudi tutakwenda nyumbani Krismasi, wageni wakirudi mjomba ataoa. Mtoto anayekulia katika maneno hayo huamini kwamba dunia nzima imefungwa kwa sharti moja, na kazi yake yeye ni kungoja tu.

Sisi tulikaa kota, yaani nyumba za wafanyakazi nyuma ya hoteli: mstari wa vyumba kumi na viwili vilivyopakwa chokaa, bomba moja la maji mwisho wa mstari, na harufu ya sabuni ya londri iliyotoka kwenye nguo za mama hata siku za mapumziko. Mama alikuwa wa londri, akifua na kupiga pasi shuka za wageni. Baba alikuwa mtunza bustani, mpaka siku walipoitwa wa bustani wote wakaambiwa kwamba kwa sasa nyasi zitajitunza zenyewe. Tulikuwa Wakamba, wazazi wangu walikuja pwani kabla sijazaliwa. Nilipewa jina la mamake baba, Mwende, kwa hiyo baba hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mwaitu, ambayo kwa Kikamba ni mama. Alipokosa kazi alikwenda Taru kwa binamu yake aliyekuwa akinunua mbuzi na kuwauza kando ya barabara kuu. Alisema anakwenda kuangalia tu. Mama alibaki na shifti zake tatu kwa wiki, kwa sababu chumba kilikuwa cha mwenye kazi, na kazi ilikuwa yake.

Walimu nao wakagoma. Tukawa watoto tisa wa kota bila shule, na mtu mzima mmoja bila kazi aliyeshindwa kukaa kimya. Huyo ndiye Mwalimu Mwakio. Alikuwa Mtaita mwembamba, mwenye kola safi, aliyesoma seminari miaka mingi akaacha upadre ukiwa mlangoni, akaja Diani akawa weita. Alipopunguzwa hotelini aliondoka na trei moja ya duara na kitambaa cheupe cha mezani, na hakuna aliyemwuliza alivipataje. Alikuwa akitujia saa nane mchana, trei juu ya vidole vya mkono mmoja, mkono mwingine nyuma ya mgongo, anainama kidogo, anasema, "Karibuni," kisha anaiweka chini kivulini. Juu ya trei hakukuwa na chakula. Kulikuwa na vizibo vya soda alivyookota nyuma ya baa ya hoteli.

Alisema somo hilo linaitwa mantiki. Tulidhani ni la dini, na mmoja wetu akaenda nyumbani kuuliza kama anaruhusiwa.

"Kila sentensi ya kueleza jambo ni kizibo," Mwalimu alisema. "Rangi juu, ni kweli. Tumbo juu, si kweli. Hakuna kizibo kinachosimama kwa ubavu. Ukiona kimesimama kwa ubavu, hicho ni swali, au amri, au dua, na hivyo hatuvipimi."

Somo la kwanza alitupeleka kando ya barabara ya hoteli. Tulikaa kwenye ukuta mpaka jua likaanza kutuingia machoni. Akauliza, "Ikiwa ndege ya wageni imetua, gari la hoteli litapita hapa kabla ya saa kumi. Sivyo?"

"Ndivyo," tukasema, maana kila mtoto wa kota alijua hilo.

"Saa kumi imepita. Gari halikupita. Tunajua nini?"

Wengine walisema gari limeharibika. Mwalimu akakataa, alisema tumekubaliana kwamba ndege ikitua gari litapita, hatuwezi kulivunja neno letu katikati ya hesabu. Mimi nikaona. Sijui niliona vipi, lakini niliona kama unavyoona uzi umepita kwenye tundu la sindano. Nikasema, "Ndege haikutua. Ingetua, gari lingepita."

Aliniangalia. "Umeiona ndege?"

"Sikuiona."

"Na umejuaje?"

"Nimejua kwa gari kutopita."

Akachukua kizibo kimoja akakilaza tumbo juu, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni kijiko. "Mwende amefikiri," akawaambia wenzangu. Shuleni nilikuwa mtoto wa thelathini na kitu kati ya arobaini na wawili. Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba nimefikiri. Nilirudi chumbani siku ile nikakataa kucheza mpira wa kati na wenzangu, nikakaa mlangoni nikingoja mtu aseme sentensi niipime.

Tulikuwa wasumbufu, nakiri. Mtu hakuweza kusema neno kota bila watoto tisa kumwuliza dai lake la kwanza ni lipi. Jirani yetu Mama Rehema, aliyefanya kazi jikoni, alikuwa hampendi Mwalimu. Siku moja akiwa anafua akasema kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "Mwenye akili timamu haachi upadre. Wewe uliuacha. Basi, akili yako twaijua."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Watoto," akasema, "hoja ya Mama Rehema umbo lake ni safi kabisa. Hayo madai mawili yakiwa kweli, mimi ni kichaa, sina pa kutokea. Lakini umbo ni jambo moja, na ukweli wa madai ni jambo jingine. Nendeni mkaliangalie lile la kwanza. Nani kasema mwenye akili haachi?"

"Mimi nimesema!" Mama Rehema akajibu.

"Hapo ndipo tulipo," Mwalimu akasema, akachukua trei yake.

Nami nikaenda kumpima mama. Aliponiambia kwamba mtoto asiyelala mchana hakui, nilimwambia Mwalimu Mwakio halali mchana na ni mrefu. Mama alinirushia ndara. "Huyu mtu anawafundisha madharau," akasema, lakini alikuwa anacheka, na kicheko cha mama siku zile kilikuwa adimu. Niliweka hesabu moyoni kwamba mantiki ndiyo iliyokileta.

Kisha tukafika kwenye somo la vizibo vinne. Mwalimu alipanga jozi nne kwenye trei, kila jozi ina kizibo cha sharti na kizibo cha tokeo. Sentensi yake ilikuwa: ikiwa mvua itanyesha, ua utalowa. Jozi ya kwanza, vyote viwili rangi juu: mvua imenyesha, ua umelowa, sentensi imesimama. Jozi ya pili, sharti rangi juu, tokeo tumbo juu: mvua imenyesha, ua mkavu. "Hapa aliyesema ametudanganya," akasema. Jozi mbili zilizobaki alikuwa amezifunika kwa kile kitambaa cheupe. Ni za mahali ambapo mvua haikunyesha, alieleza. Akakishika kitambaa kwa ncha, kwa madaha, kama anafunua samaki.

"Maji yametoka!" mtu akapiga kelele.

Nani angebaki? Bomba lilikuwa limekauka siku nne. Tulitimka sote kutafuta ndoo, na Mwalimu naye akatimka, trei ikabaki kivulini na kitambaa chake. Kesho yake alikwenda Msambweni kutafuta kazi ya kufundisha shule moja ya binafsi, na tukaambiwa atarudi baada ya majuma matatu au manne.

Lakini mimi nilijua kilichokuwa chini ya kitambaa. Nilijua bila kufunua, kwani mimi ndiye niliyefikiri. Mvua ikinyesha, ua unalowa. Basi isiponyesha, ua haulowi. Kizibo cha kwanza ukikipindua, na cha pili kinapinduka. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepata sifa mara moja tu maishani, hilo halikuhitaji mwalimu.

Katika siku hizo baba alipiga simu dukani kwa Mzee Salim. Mzee Salim alikuwa Mdigo mwenye duka la nafaka njia ya kwenda Ukunda, na simu yake nyeusi ilikuwa ya mtaa mzima. Mama alikwenda kuipokea. Aliporudi alikaa kitandani akavua viatu, akaniambia kama anamwambia mtu mzima: baba amepata mahali Taru, chumba na zizi, na anataka kuja kutuchukua na pickup ya binamu yake. Lakini hataki kumlazimisha mama kuacha kazi. Atapiga tena Jumamosi ya pili saa kumi, mama ampe jibu; akikubali, atakuja Jumamosi itakayofuata.

"Baba yako ana kiburi," mama akasema, anacheka kidogo. "Eti ataniuliza hii mara moja tu. Nikikataa, hatanisumbua tena."

Niliwahi kupita Taru tukienda Ukambani. Nilikumbuka vumbi, mbuzi, wanawake na mitungi wakingoja maji kando ya lami, na miti isiyofika hata kimo cha baba. Nani angenifundisha mantiki kule? Kwa siku kadhaa nilimwangalia mama akipiga pasi na kuwaza, sikumwuliza kitu kwa kuogopa nitamsaidia kuamua. Jumatano akaamua. Alikuwa anakunja shuka zetu kwa ule mkunjo wa hoteli, pembe kwa pembe.

"Ikiwa baba yako atakuja, tutahama," akasema. "Nimechoka kukaa kama mjane na mume ninaye. Sasa Jumamosi mimi niko shifti. Utaenda kwa Mzee Salim, upokee simu, umwambie aje. Umesikia? Umwambie mama amesema aje."

Nilisikia vizuri kuliko alivyodhani. Alikuwa amenipa sentensi nzima, sharti na tokeo, imenyooka kama ya Mwalimu. Ikiwa baba atakuja, tutahama. Nikaipeleka kwenye jozi zilizo chini ya kitambaa. Baba asipokuja, hatuhami. Sikuwaza kwamba namkataa baba. Nawaomba mniamini hapo, ijapokuwa miaka mingine mimi mwenyewe siamini. Baba nilimpenda. Nilimwona akibaki Taru na mbuzi wake kwa muda, wageni wanarudi, naye anarudi bustanini, na sisi tuko palepale kota tukimngoja. Sikuona kwamba kuna kitu kinapotea. Niliona kizibo kimoja tu cha kupindua.

Jumamosi nilifika dukani kabla ya saa kumi. "Shikamoo, Mzee Salim."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo juu ya gunia. Babako hakawii, ni mtu wa saa huyo." Akanipa kipande cha sukari guru nitafune. Duka lilinuka kunde na mafuta ya taa. Simu ilipolia aliipokea yeye, akasalimiana na baba kwa kirefu, habari za huko, habari za mbuzi, alhamdulillahi, kisha akanikabidhi.

"Mwaitu," baba akasema. Nyuma yake niliyasikia malori. "Uko mzima?"

"Niko mzima."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko shifti. Amenituma mimi."

"Haya. Amesemaje? Nije?"

"Amesema usije."

Lori likapita upande wake, refu, na kwa muda nilidhani simu imekatika. Halafu nikamsikia akipumua.

"Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Amesema kwa nini?"

Hili sikuwa nimelipanga. Nikatafuta jibu haraka, nikapata lililo karibu. "Amesema tuko sawa."

Akapumua tena. Mzee Salim alikuwa akipima mchele, hakunisikiliza, au alijifanya hasikilizi kwa adabu. "Haya," baba akasema. "Haya, mwaitu. Msaidie mama yako kazi." Akakata.

Mama alitoka shifti saa kumi na mbili. Aliniuliza akiwa bado mlangoni, hajavua hata kitambaa cha kichwani. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema haya."

Nilijivunia majibu yale usiku kucha. Nilikuwa nimemwambia kitu, na yeye alikuwa amesema haya. Vizibo viwili, vyote rangi juu. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtu aweza kupanga ukweli mtupu ukatoka uongo mkubwa kuliko kota nzima.

Mama aliomba siku mbili za mapumziko. Alifunga masufuria kwenye gunia, akafunga godoro kwa kamba, akafua pazia la dirisha ingawa tulikuwa tunahama. Jumamosi iliyofuata alipika isyo, mahindi na maharagwe kama baba anavyopenda, yenye kitunguu kingi, akavaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye kiti nje. Mama Rehema alimpitia akamtania kwamba amekuwa bibi harusi. Jua lilipozama mama alipakua chakula, tukala mimi na yeye juu ya magunia. Jumapili akavaa gauni lilelile. Jumatatu alirudi londri na lile godoro likabaki limefungwa. Tulilala juu ya mkeka kwa siku kadhaa kwa sababu alisema ni kazi bure kulifungua. Mimi nilingoja aseme kwamba basi, hatuhami. Hakusema. Aliacha tu kuangalia barabara.

Mwalimu Mwakio alirudi kutoka Msambweni bila kazi. Alituita saa nane, akainama, akasema, "Karibuni," akaweka trei. Alikuwa mnyonge siku ile, nafikiri alikuwa na njaa. Alipanga tena jozi zake nne na safari hii hakufunika chochote.

"Tuliishia mvua haikunyesha," akasema. "Sharti tumbo juu. Sasa ua umelowa ama haukulowa?"

"Haukulowa," nikasema kabla ya wote.

"Mwende, siku ile maji yalipotoka bombani, ndoo ya Mama Rehema ilianguka pale. Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Na ua?"

Niliuangalia ua. Ulikuwa mkavu kabisa siku ile, lakini niliukumbuka ulivyokuwa. Wenzangu wakacheka.

"Sharti lisipotimia," Mwalimu akasema, akigusa jozi ya tatu na ya nne kwa kidole, "tokeo laweza kuwa kweli, laweza kuwa si kweli. Aliyesema ikiwa mvua itanyesha ua utalowa, hakutwambia neno hata moja kuhusu siku ya jua. Hatujui. Andikeni mchangani: hatujui."

Niliandika. Nikamwuliza, "Mwalimu, na kama mtu amesema, ikiwa fulani atakuja, tutahama. Na fulani asije?"

"Hatujui."

"Wanaweza kuhama vilevile?"

"Wanaweza. Kwani hakuna sababu nyingine za kuhama duniani?" Akaniangalia vizuri. "Nani anahama, Mwende?"

Nikasema hakuna. Nilikimbia mpaka kwa Mzee Salim, nikamwomba anipigie simu ya baba. Mzee wa watu aliacha mizani yake akanisikitikia. "Mwanangu, yule hupiga kutoka kibanda cha barabarani. Mimi sina nambari yake. Mpaka apige mwenyewe." Akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hakuna, nikatoka. Ningeweza kumwendea mama londri nikamwambia palepale. Nilifika mpaka mlango wa nyuma, nikamwona kwa dirisha akiwa amesimama peke yake mbele ya mashine saba zilizozimwa, anapiga pasi kitambaa kimoja. Niliogopa. Nikarudi nyumbani nikachota maji ambayo hakuniagiza.

Hata mwezi haukuisha. Hoteli ilifunga kota, karatasi ikabandikwa bombani: kila mtu aondoke ndani ya siku kumi na nne. Godoro letu lilikuwa tayari limefungwa. Tulihama baba akiwa hakuja, sharti tumbo juu na tokeo rangi juu, jozi ya tatu. Tulikwenda Shimba Hills kwa dada yake mama, aliyekuwa na shamba kwenye ile ardhi serikali iliyowagawia walowezi, na huko ndiko mama aliko mpaka leo. Mwalimu alinipa mkono kama mtu mzima siku tunaondoka. Sikumwona tena.

Baba hakupiga simu nyingine. Mama naye hakumtafuta. Alikuwa amekwisha kusema ndiyo mara moja, na mwanamke, alisema, hasemi ndiyo mara mbili kwa mtu aliyeisikia ya kwanza. Baada ya miaka miwili tulisikia kwamba ameoa Taru. Wanawake wa kanisa walipomsimanga mama kwa upole kwamba mume hakumtaka, aliwajibu sentensi ileile miaka yote: "Baba Mwende si mtu wa kunikataa. Kuna kitu kilimzuia." Aliisema kila Krismasi. Aliisema alipong'olewa jino, akiwa nusu ana usingizi. Nami nilikuwa nikikaa pembeni, mimi ndiye kitu chenyewe, ninachagua mchele.

Nilimwendea baba mara moja nilipokuwa nimeanza kazi. Alifurahi mpaka akachinja, mkewe mdogo akanipokea vizuri. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Tulipobaki wawili aliniuliza, bila kuniangalia, "Mwaitu, mama yako bado yuko sawa?" Nikasema yuko sawa. Nilishindwa kuendelea, na gari langu likaja.

Sasa amekufa, na kutoka Taru sikwenda kwangu. Nilikwenda Shimba Hills. Nilimkuta mama nyuma ya jikoni, alasiri, anabambua mbaazi kwenye ungo. Hakwenda mazishini na hakuniuliza yalikwendaje. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote, simu, malori, amesema usije, tuko sawa. Sikujitetea kwa mantiki. Kufikia hapo nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujali atanifanya nini.

Mikono yake iliendelea na mbaazi, kisha ikasimama.

"Alipiga," akasema.

"Alipiga, mama."

"Akauliza aje?"

"Akauliza. Nikasikia anapumua."

Nikauona uso wake. Kwa muda mfupi tu ulikuwa uso wa yule wa gauni la kanisani, kwenye kiti nje, kabla jua halijazama. Alikuwa amengoja maneno hayo miaka yote hii, na yalikuwa mazuri kama alivyoamini. Kisha akaniangalia mimi, nilivyokaa pale na viatu vyangu vya mazishi, na ule uso akaufunga mwenyewe.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na yeye?"

"Thelathini na minane."

"Mtu wa miaka thelathini na minane anaambiwa na mtoto usije, anasema haya?" Aliupiga ungo kwa kiganja, mbaazi zikaruka. "Sikia Mwende. Mwanamume akimtaka mke wake, atakuja, hata aambiwe nini na nani. Baba yako hakuja. Basi hakunitaka. Si wewe. Umesikia? Si wewe."

Ilikuwa hoja ya gari na ndege, umbo lake safi, hata Mwalimu asingepata pa kuishika. Ni lile dai la kwanza tu. Halikuwa kweli. Mimi nilijua, maana nilikuwa nimeisikia pumzi ya baba simuni. Na yeye alijua, maana nilikuwa nimeuona uso wake. Miaka yote wanawake wa kanisa walimsukuma aseme kwamba hakutakwa, akakataa. Sasa ameisema, apate kunitua mzigo wangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akatikisa kichwa, akavuta ungo karibu, akaanza tena kubambua. Baada ya muda nikamsikia akilirudia lile hitimisho kwa sauti ndogo, si kwangu, kama mtu anayeonja chakula asichokizoea.

"Hakunitaka," akasema.